Chuma tumboni bado si damu mwilini

JE, msomaji, umewahi kwenda hospitali ukilalamikia uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio kila upandapo ngazi, ukaambiwa una upungufu wa damu? Bila shaka ulirudi nyumbani na tembe za madini ya chuma, na jirani akakuongezea ushauri wa kunywa maji ya bitiruti kila asubuhi.

Wengi hupona. Lakini wako wanaomeza tembe hizo mwezi baada ya mwezi na viganja vyao bado vimepauka. Ili kuelewa sababu, yafaa ujue jambo moja: chuma unachomeza si damu. Ni mfano wa msumari uliotoka dukani ambao fundi hajaupigilia mahali pake. Fundi huyo ni seli.

Wekundu wa damu hutokana na kitu kidogo mno kiitwacho hemu. Umbo lake ni kama pete bapa, na katikati ya pete hiyo hukaa chembe moja tu ya chuma. Chembe hiyo ndiyo hushika oksijeni mapafuni na kuiachilia panapohitajika. Kila protini ya himoglobini huwa na hemu nne. Bila hemu, himoglobini haina kazi.

Kazi yenyewe si ndogo. Kila sekunde, uboho ulio ndani ya mifupa yako huunda seli nyekundu za damu zipatazo milioni 2, na kila seli hubeba hemu takriban bilioni moja.

Kiwanda chenye hatua nane

Wataalamu walijuaje hemu inavyoundwa? Katikati ya miaka ya 1940, mwanasayansi David Shemin wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliamua kujifanyia majaribio mwenyewe. Alikula gramu 66 za glaisini, mojawapo ya vitu vinavyojenga protini, iliyokuwa imetiwa naitrojeni nzito kuliko ya kawaida ili iweze kutambulika. Kisha akawa anajitoa damu mara kwa mara na kuipima.

Naitrojeni ile aliikuta ndani ya hemu. Ilikaa humo kwa muda mrefu, kisha ikaanza kupungua. Mnamo 1946, yeye na mwenzake David Rittenberg walitangaza kuwa seli nyekundu ya binadamu huishi siku zipatazo 127.

Tangu hapo, watafiti wamezichambua hatua zote nane za kuunda hemu. Kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayofanya kazi hiyo tu. Hatua ya kwanza hufanyika ndani ya mitokondria, vile vyumba vya seli vinavyozalisha nguvu. Nne zinazofuata hufanyika nje ya vyumba hivyo, na tatu za mwisho hurudi ndani.

Chuma chenyewe huingia katika hatua ya nane, pete ikiwa tayari. Kimeng'enya kinachokitia, ferokelatasi, nacho pia kina kishada cha chuma na salfa ndani yake, ambacho hutengenezwa katika mitokondria hizo hizo. Kwa hivyo chuma kikikosekana, si msumari tu unaopungua. Hata nyundo ya fundi hulegea.

Risasi, adui wa kiwanda

Hata kama una chuma cha kutosha, kiwanda hiki chaweza kuvurugwa. Mharibifu mkubwa ni madini ya risasi, yanayopatikana katika betri za magari na baadhi ya rangi za nyumba. Risasi hukizuia kimeng'enya cha hatua ya pili, kisha huivuruga ile ya mwisho. Pete hubaki bila chuma, na mara nyingi zinki huingizwa mahali pake. Hemu ya namna hiyo haibebi oksijeni.

Hapa Kenya tumeyaona madhara ya risasi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathiriwa na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu hadi kilipofungwa mnamo 2014. Phyllis Omido, aliyewaongoza kudai haki, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mnamo 2015. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni.

Mzazi, elewa kwamba risasi huanza kuudhuru ubongo wa mtoto kabla damu yake haijapungua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kisicho na madhara. Isitoshe, mwili wenye upungufu wa chuma huifyonza risasi kwa wingi zaidi. Mtoto asiyekula vizuri ndiye huumia zaidi.

Ufanye nini?

Kwanza, usijitibu kwa kukisia. Damu hupungua pia kwa sababu ya malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa selimundu. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi huenda ana chuma kupita kiasi, na tembe zaweza kumdhuru. Mwombe daktari apime akiba yako ya chuma. Kama mnaishi karibu na mahali pa kuyeyushia betri, uliza pia kuhusu kipimo cha risasi.

Pili, angalia sahani yako. Maini, nyama na omena hutoa chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Maharagwe, ndengu na mboga za kunde pia zina chuma, ila kula pamoja na chungwa au limau ili mwili ukifyonze vyema. Chai nayo isubiri. Inyweni angalau saa moja baada ya chakula, kwani hukizuia chuma. Bitiruti si mbaya, lakini usidanganywe na rangi yake: wekundu huo hautokani na chuma.

Tatu, usiache tembe mara tu upatapo nafuu. Kwa kawaida madaktari hushauri uendelee kwa takriban miezi mitatu baada ya damu kurudi kiwango chake, ili akiba ijae. Na ziwekeni mbali na watoto, kwani tembe chache tu zaweza kumuua mtoto mdogo.

Lakini ukizimaliza kama ulivyoagizwa na bado huoni nafuu, usinunue nyingine dukani. Rudi kwa daktari umwulize: je, kinachokosekana ni chuma, au kuna kinachomzuia fundi kufanya kazi yake?