Mabingwa wa Hewa Safi, na Wanaovaa Taji Lisilo Lao

Kwa urefu, kisafisha hewa kilichovuma kuliko vyote kiko Xi'an, China. Ni mnara wa zaidi ya mita 60 uliozungukwa na mabanda ya vioo. Jua huipasha hewa ndani ya mabanda, hewa hupanda yenyewe, na ikipanda hupita kwenye vichujio. Mwenzake wa Delhi, uliozinduliwa Agosti 2021, una mita 24 tu, lakini umebeba feni 40 na vichujio 5,000. Pamoja na mitambo yote hiyo, kamati ya Delhi ya kudhibiti uchafuzi ilikuja kusema kwamba minara ya namna hiyo si suluhisho. Hewa ya nje haina kuta: ukisafisha ya hapa, upepo unaleta nyingine.

Chumba kilichofungwa ni habari nyingine, na humo bingwa wangu hana hata sura. Ni boksi la Corsi na Rosenthal, lililobuniwa Marekani mwaka 2020 wakati wa korona: vichujio vinne au vitano vya kiyoyozi vilivyounganishwa kwa selotepu, na feni ya mraba juu yake. Linapiga kelele, lakini hewa linayosafisha kwa saa moja hushindana na ya mashine za dukani zenye bei kubwa mara kadhaa. Kwani kazi yenyewe ni mbili, kunasa vumbi na kupitisha hewa, na kichujio kikali kwenye feni dhaifu ni pambo la sebuleni.

Chembe iliyo ngumu kuliko zote kuinasa si ile ndogo kabisa. Kichujio cha HEPA, kilichotokana na mradi wa Marekani wa bomu la atomiki miaka ya 1940, husifiwa kwa kunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, nyembamba kuliko unywele mara 200 hivi. Wengi hudhani iliyo ndogo zaidi hupenya. La. Chembe kubwa hushindwa kukata kona, zikagonga nyuzi kama pikipiki iliyokosa breki. Ndogo kabisa hupigwa vikumbo na molekuli za hewa, zikayumba huku na huko mpaka zinase. Ya 0.3 iko katikati: nzito mno kuyumba, nyepesi mno kugonga. Ndiyo maana mtihani hufanywa kwa hiyo.

HEPA haishiki harufu. Kazi hiyo ni ya mkaa amilifu, bingwa wa eneo: gramu moja ina vitundu ambavyo kuta zake zikikunjuliwa hupita mita za mraba 500. Ila mkaa hujaa. Kitambaa chembamba kilichonyunyiziwa unga wake hakitakufikisha mbali. Tafuta kichujio chenye uzito wa kushikika mkononi.

Taji la sifa zisizostahili nalipa mimea ya chungu. Utafiti wa NASA wa 1989 ulioipa sifa hizo ulifanywa ndani ya visanduku vilivyozibwa. Mapitio ya kitaalamu ya 2019 yalikadiria kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi ya hewa inayoingia na kutoka nyumbani kwa kawaida. Kwa hatari, hakuna kinachoishinda mashine ya kuzalisha ozoni, gesi inayochoma mapafu. Mashine za ayoni, zinazoipa hewa chaji ya umeme, nazo baadhi huitoa kidogo. Kampuni ya Sharper Image ilimshtaki mchapishaji wa jarida la Consumer Reports mwaka 2003 kwa kuikosoa mashine yake ya ayoni, na mwaka uliofuata ikashindwa mahakamani.

Ukienda dukani, acha masifa, uliza namba moja: mashine inatoa mita ngapi za ujazo za hewa safi kwa saa? Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 40. Kuisafisha hewa yake mara tano kwa saa kunataka 200. Kumbuka namba hiyo hupimwa feni ikiwa kwenye kasi ya juu, ambayo huenda usiweze kulala nayo. Uliza pia bei ya kichujio cha kubadilisha, na kama kinapatikana mjini kwako. Na kama moshi unaokusumbua ni wa jiko la mkaa, weka pesa yako mfukoni na ulitoe jiko nje: monoksidi ya kaboni haina harufu, inaua, na hakuna kati ya vichujio hivi kinachoizuia.