Siku, dola na muhuri: hesabu ya viza kutoka Himbi

Himbi, kodi ya nyumba hulipwa kwa mwezi, tena kwa dola. Lakini ndani ya nyumba nyingi za mtaa huu wa Goma, zile zenye ukuta wa mawe meusi ya volkeno na bustani inayoshuka kuelekea Ziwa Kivu, mpangaji ana hesabu nyingine: siku zilizobaki kwenye viza yake. Daktari wa shirika la misaada, fundi wa minara ya simu, mhadhiri aliyekuja kwa muhula mmoja, mhasibu wa benki aliyetoka Nairobi, wote wanaishi kwa kalenda mbili. Kodi ikichelewa, mwenye nyumba na mpangaji wake watakaa waelewane. Viza ikipita siku zake, kuna faini, kuna maswali, na kuna safari ya ghafla, nayo safari ya ghafla ni ghali kuliko zote.

Wageni hawa wana historia yao hapa. Mashirika yalimiminika Goma mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Kisha tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikafunika mitaa ya maduka na kuishia ziwani. Himbi, upande wa magharibi, ilisalimika kwa sehemu kubwa. Ofisi na makazi yakazidi kusogea huko, na nyuma yake wakaja walinzi, wapishi, madereva, wafua nguo na wamotari wa kona. Mgeni mmoja akiondoka kwa sababu ya pasipoti, mishahara ya watu watatu au wanne huondoka naye. Kwa hiyo habari ya viza inafika hadi jikoni kwa mama ambaye hajawahi kushika pasipoti.

Kosa la kwanza la mgeni, nalo humtoa pesa nyingi kuliko mengine yote, ni kudhani kwamba ukitoka na kuingia tena unapewa siku mpya. Kuna mahali ilikuwa hivyo. Dubai, kwa miaka mingi, waliokuwa wakitafuta kazi walipanda ndege hadi kisiwa cha Kish cha Iran, au gari hadi Buraimi upande wa Oman, wakarudi na siku nyingine mkononi. Wageni wa Thailand walikwenda Savannakhet, Laos, kwa shughuli hiyohiyo. Watu wetu waliokaa Ghuba wanazijua safari hizo vizuri, na wakifika Goma hudhani Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ng'ambo ya mpaka, itawafaa kama Buraimi. Haiwafai. Sheria ya msingi ya wageni nchini Congo ni ya tarehe 12 Septemba 1983, na inasimamiwa na DGM, idara kuu ya uhamiaji iliyoundwa mwaka 2003. Kwa kawaida viza ya kukaa huombwa kwenye ubalozi kabla ya safari, na ile ya kuingia mara moja hufa siku unapotoka. Mgeni aliyevuka Jumamosi kwenda kula samaki Gisenyi na viza ya namna hiyo, jioni anajikuta nje, na nguo zake, kompyuta yake na kodi aliyokwisha kulipa viko upande wa pili, mwendo mfupi wa pikipiki.

Basi kabla ya kuuliza nauli, fungua pasipoti usome: ni ya kuingia mara moja au mara nyingi? Mwenye ya mara nyingi anaweza kwenda na kurudi hadi tarehe iishe. Mwenye ya mara moja aombe nyongeza akiwa ndani, wiki kadhaa kabla ya mwisho, au akubali kwamba safari yake ni ya kutafuta viza mpya kabisa. Safari hizi mbili hazifanani hata kidogo kwa gharama, na anayezichanganya hulipa zote mbili.

Kwa safari ya pili, ramani ilibadilika mwanzoni mwa 2025. Kinshasa ilikata uhusiano wa kibalozi na Kigali mwishoni mwa Januari mwaka huo, kwa hiyo Kigali, iliyokuwa karibu kuliko zote, ikatoka kwenye hesabu. Zikabaki nyingine, kama Kampala na Nairobi. Balozi nyingi hupenda kumpa viza mtu anayeishi katika nchi zilipo, kwa hiyo piga simu au andika kwanza, upate jibu, ndipo ukate tiketi.

Sasa tupige hesabu. Chukua wapangaji wawili wa nyumba moja ya Himbi, mmoja Mmarekani, mwingine raia wa Kamerun, wote wanakwenda Kampala kupitia Kigali. Rwanda, tangu tarehe 1 Januari 2018, hutoa viza ya siku 30 mlangoni kwa raia wa nchi yoyote. Watu wa nchi za Umoja wa Afrika, za Jumuiya ya Madola na za Francophonie hawalipi ada, na Kamerun imo katika jumuiya zote tatu. Mmarekani hulipa dola 50 kwa kuingia mara moja, au 70 kwa mara nyingi. Uganda inawadai wote wawili dola 50, na viza yake huombwa mtandaoni kabla ya kuondoka, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Njia hii inaingia Rwanda mara mbili, kwenda na kurudi. Mmarekani akilipa kila mlango kivyake, atatoa dola 150. Akichukua ile ya Rwanda ya mara nyingi, 120. Lakini ipo viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, iliyoanza mwaka 2014: dola 100, siku 90, unazunguka ndani ya nchi hizo tatu bila kulipa tena. Kwa safari hii ndiyo nafuu zaidi. Mwenzake wa Kamerun akiinunua kwa kuiga, amepoteza dola 50, kwa sababu yeye anadaiwa na Uganda tu.

Viza hiyo ya pamoja ina mtego, na Himbi imewanasa wengi: inakufa ukitoka nje ya nchi tatu. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, lakini haimo katika viza hiyo. Siku zilizobaki unaporudi nyumbani huwezi kuzitumia tena, kwa hiyo asiinunue mtu anayekwenda Gisenyi kila wiki. Huyo ile ya dola 70 inamtosha.

Ipo pia njia ya Rutshuru hadi Bunagana mpakani, kisha Kisoro upande wa Uganda, isiyogusa Rwanda kabisa. Bunagana iliingia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022, na Uganda ikaufungua tena mpaka huo Julai 2025. Kwa dola ni nafuu. Kwa usalama, sitamshauri mgeni aipite bila kuwauliza asubuhi hiyohiyo watu waliotoka huko.

Nauli zenyewe hazina shida kubwa. Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni kama kilomita 155, mabasi yapo siku nzima, na bei imepangwa na RURA, mamlaka ya udhibiti ya Rwanda. Unalipa dirishani, unapewa tiketi yenye saa na kiti, basi. Ya Himbi hadi kwenye mpaka unapatana na motari. Mzigo usiwe kwenye mifuko ya plastiki, maana Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008 na huchukuliwa palepale mpakani. Na usisafiri asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi: ni umuganda, watu wako kwenye kazi za pamoja na barabara zimesimama hadi karibu saa tano.

Pesa nyingi hupotelea pengine. Kwenye mipaka miwili ya mji, ile kubwa ya kando ya ziwa na Petite Barrière ya upande wa mtaa wa Birere, wako watu tunaowaita protokoli. Protokoli ni mtu anayeingia ofisini na pasipoti yako huku wewe umekaa garini. Anajua dirisha, anajua fomu, anajua nani yuko zamu. Wapo waaminifu, nawajua, na siku ya foleni ndefu kazi yao ina thamani ya kweli. Lakini msafiri hana namna ya kutofautisha ada ya serikali, shukrani na ujira wa protokoli mwenyewe, kwa sababu vyote vinatoka mfukoni kwa pamoja na hakuna stakabadhi tatu. Shirika kubwa linaandika gharama hiyo kwenye bajeti na kusahau. Mwalimu anayejilipia mwenyewe, mchuuzi wa vitenge kutoka Lomé, mwanafunzi, hao ndio wanaobebeshwa. Ningeambiwa nichague jambo moja tu la kupunguza gharama ya kukaa Goma, ningeomba ubao mkubwa ukutani, wenye kila ada, kwa Kifaransa na Kiswahili, na mtu wa kutoa risiti chini yake. Abiria wa Gisenyi amezoea kuona nauli yake imeandikwa. Wa Goma ana haki hiyohiyo.

Gharama nyingine haiandikwi popote: mpaka wenyewe kufungwa. Agosti 2019 ulifungwa kwa saa chache kwa sababu ya Ebola. Machi 2020 ukafungwa kwa sababu ya korona, na waliokuwa ng'ambo kwa siku mbili wakakaa miezi. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena na mji ukakimbilia Gisenyi na Sake. Juni 2022, baada ya askari wa Congo kuuawa Petite Barrière, saa ya kufunga ikarudishwa hadi saa tisa mchana, na aliyezoea kurudi usiku akatafuta kitanda. Mtu mwenye busara huacha siku tatu za akiba katika mpango wake na fedha za kulala siku hizo.

Halafu ikaja tarehe 27 Januari 2025, M23 wakaingia Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa. Benki zikafunga milango, watu wakawa wanavuka kwenda Gisenyi kutoa fedha zao wenyewe. Februari Kinshasa ikazizuia ndege zilizosajiliwa Rwanda kupita angani mwake, hivyo anayetoka Himbi kwenda Kinshasa, katika nchi yake, anazunguka kwa Kigali au Entebbe, kisha Nairobi au Addis Ababa. Na kwenye dirisha la mpaka, muhuri unagongwa na utawala ambao Kinshasa haiutambui. Mgeni anayetaka kufika Kinshasa baadaye aulize mapema karatasi zake zitasomwaje huko, kwa sababu kosa hilo halirekebishwi kwa dola 50.

Kinachoniumiza zaidi ni kuona hesabu yenyewe imegeuka. Wenye nyumba wa Himbi, waliozoea kumuuliza mpangaji amebakiza siku ngapi, sasa wengi wamepanga vyumba Gisenyi, Kigali, Kampala au Nairobi, na wao ndio wanaohesabu. Uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umewasaidia: Kenya iliondoa viza kwa Wacongo kuanzia Septemba 2023. Lakini pasipoti ya Congo yenyewe iliwahi kuuzwa dola 185, baadaye ikashuka hadi 99, na familia ya watu sita inajua hiyo ni kodi ya miezi mingapi. Aliyeondoka bila pasipoti amebaki na karatasi ya kuvukia ya CEPGL, jumuiya ya nchi tatu za Maziwa Makuu iliyoanzishwa Gisenyi mwaka 1976, na karatasi hiyo ilikusudiwa watu wanaokwenda na kurudi, kama akina mama wa Birere wanaovuka alfajiri na beseni kichwani na kurudi kabla lango halijafungwa. Haikukusudiwa mtu aliyehama na watoto.

Kwa anayekwenda Kampala wiki hii, siku ya kuondoka ni Jumapili asubuhi. Mchana uwe Kigali, jioni upande basi la usiku, kama kilomita 500, na Jumatatu asubuhi uko mjini na siku tano za kazi mbele yako. Saa ya Kampala iko mbele ya ile ya Goma kwa saa moja, kwa hiyo ofisi inayofunguliwa saa tatu huko, kwa saa yako ya mkononi ni saa mbili. Nakala ya pasipoti na ya mkataba wa nyumba mwachie mlinzi au jirani wa Himbi. Picha ndogo uchukue nne, si mbili. Na fedha za kurudia uziweke ndani ya kitabu, kati ya kurasa, noti mpya zisizo na mkunjo, kwa sababu dola iliyochanika hata upana wa ukucha hakuna mtu Goma atakayeipokea.