Je, Wajua Diski ya Kompyuta Huogopa Kelele?

Tarehe 10 Septemba 2016, benki ya ING jijini Bucharest, Romania, ilikuwa ikijaribu mitambo ya kuzima moto katika kituo chake cha kompyuta. Hapakuwa na moto, wala tone la maji halikumwagika. Gesi ilifyatuka kutoka kwenye mitungi kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyotarajiwa, na makumi ya diski zikaharibika. Kwa muda wa saa 10 hivi kadi za wateja hazikufanya kazi. Diski ziliuawa na sauti.

Ukifungua diski ya kompyuta ya mezani (iliyokwisha kufa, tafadhali, si ile unayoitumia) utakuta sahani za alumini au kioo zinazong'aa kiasi cha kujitazamia. Zimepakwa utando mwembamba wa sumaku, na nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Ukingo wa nje hukimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Basi la mkoani likienda hivyo trafiki analo.

Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, kimeshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya upepo unaoletwa na mzunguko wenyewe, na nafasi iliyopo kati yake na sahani ni nanomita chache tu, ilhali unywele wako una unene wa nanomita kama 80,000. Hapo punje moja ya vumbi inatosha kuleta maafa. Sauti kali hukitetemesha kichwa kikatoka kwenye mstari wake. Pigo kubwa zaidi hukiangusha juu ya sahani, kikakwangua utando, na ungaunga wa mkwaruzo huo ukasambaa ukakwangua kwingine. Ndiyo maana diski iliyoanguka ikiwa imezimwa ina nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko iliyoanguka ikiwa kazini.

Huku kwetu lawama nyingi huangukia umeme unaokatika. Diski imejiandaa kwa hilo kuliko tunavyodhani. Umeme ukikatika ghafla, sahani huendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, na ile mota iliyokuwa ikizizungusha hugeuka jenereta. Umeme huo kidogo unatosha kukiegesha kichwa mahali salama kabla sahani hazijasimama. Aliyebuni hilo hatumjui hata tumshukuru! Data iliyokuwa ikiandikwa wakati ule inaweza kuvurugika, kweli, lakini cha kuogopwa zaidi ni umeme unaporudi kwa nguvu ukaunguza saketi. Na usidhani utanunua diski ya aina ileile, ubadilishe saketi, mambo yaishe: kwenye diski nyingi za kisasa kuna chipu yenye vipimo vya diski ile moja tu, navyo lazima fundi avihamishe.

Je, diski hutoa onyo? Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000, ambazo kila moja ina mfumo wa kujipima afya. Zilizoonyesha makosa fulani ya kusoma zilikuwa katika hatari kubwa mno ya kufa ndani ya siku 60. Lakini zaidi ya thuluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote ya hitilafu kwenye mfumo huo. Ukisikia diski inagonga ta-ta-ta, kichwa kinahangaika kutafuta mahali pake. Izime saa hiyohiyo. Anayekushauri uiweke kwenye friza usimsikilize, unyevu utatua juu ya sahani. Diski za SSD hazina sahani wala kichwa, ila seli zake huchakaa kwa kuandikwa, na zinaweza kufa kimyakimya.

Kwa kuwa diski inaweza kufa bila onyo, kinga ni nakala. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali. Hiyo ya mbali ndiyo tunayoipuuza. Diski ya nje iliyomo kwenye begi la laptopu itaibwa na laptopu. Iliyochomekwa mchana kutwa itafungwa na virusi vilevile vinavyofunga mafaili na kudai pesa. Huduma za mtandaoni ni nzuri, ila zile zinazolandanisha tu zitafuta kule unachofuta huku. Mwenye video nyingi na bando la kubana anaweza kuwa na diski mbili za nje, moja akamwachia dada yake, wakabadilishana kila mwisho wa mwezi.

Kampuni ya Pixar iliamini ina nakala. Mwaka 1998 mtu aliendesha amri ya kufuta kwenye mashine zenye filamu ya Toy Story 2, na walipoziendea nakala zao wakakuta ni mbovu. Waliokolewa na Galyn Susman, msimamizi wa ufundi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua, na kompyuta yake ilikuwa na filamu hiyo. Kwa hiyo ukishanakili, peleka diski kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili kadhaa, hasa makubwa na ya zamani. Jina la faili kuonekana kwenye orodha hakuthibitishi kwamba litafunguka.