Ndai Yako ya Drag Imelala Miaka? Kabla Uirudishe Track, Wachana Kwanza na Turbo

Karibu kila mtaa iko na hiyo gari. Impreza ya kitambo, GC8, imefunikwa turubai nyuma ya ploti, tairi mbili hazina pumzi na paka ameifanya keja. Mwenyewe anakushow vile ilikuwa inachapa watu mita 402, na mwaka ujao "lazima irudi". Kama huyo mwenyewe ni wewe, soma hii kabla ushike spana.

Kwanza jua wewe umekalia nini. Subaru waliacha kuunda GC8 mwaka wa 2000. Sheria ya Kenya hairuhusu uingize gari yenye imepita miaka 8. Fanya hiyo hesabu. Injini ya ex-Japan utapata, giaboksi utapata, mpaka taa utapata, lakini bodi kama hiyo haishuki tena kwa meli. Zenye ziko ndio hizo. Ukiifinyia kwa ukuta, hakuna ya kubadilisha.

Sasa, wasee wengi wakishika kachapaa wanakimbia Kirinyaga Road kutafuta turbo kubwa. Maze, tulia. Gari ikilala miaka mitano, nguvu sio shida ya kwanza. Chenye kinaoza ni raba, mafuta na vitu za kukushikilia ukiwa ndani. Hivyo ndio vitu vinakosanga kupigwa picha, na ndio vinaua.

Usikimbie kujamp betri uskie kama itashika. Petroli ya miaka inageuka kitu kama vanishi, inanuka vibaya na inaziba injekta. Mwaga yote, osha tanki, weka filta mpya. Paipu za petroli za raba zibadilishwe zote, hata zile zinakaa poa, juu raba hupasukia ndani kabla uione nje. Paipu ikivuja juu ya turbo yenye imewaka nyekundu, hiyo ni moto, na uko ndani umefungwa mikanda.

Halafu toa plagi. Kwa Subaru hii ni kazi ya kukutusi, juu injini imelala na plagi ziko kando, zimebanwa na bodi. Tia oili kidogo kwa kila silinda, iache usiku mzima, kisha zungusha injini na mkono. Ikizunguka bila kukwama, toa fyuzi ya pampu ya petroli na upige stata bila plagi mpaka presha ya oili ipande. Hapo umeokoa beringi. EJ20 inajulikana kwa kunoki beringi za koni rodi, na kuiwasha kavu baada ya miaka ni kuiomba inoki.

Taimin belti usibishane, weka mpya. Haijalishi imekimbia kilomita ngapi, umri pia unaimaliza. Ikikatika, mara nyingi vavu zinagongana na pistoni, na hedi mbili zinaenda nayo.

Ukimaliza hapo, pima kompresheni. Na hapa watu wa Nairobi hushtuka bure. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na presha ya hewa huku ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Kwa hivyo geji itasoma chini kuliko kitabu, na fundi mwenye hajui atakwambia injini imekufa ndio akuuzie ingine. Chenye unaangalia ni kama silinda zote nne zinakaribiana. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, hapo sasa kuna story.

Hiyo hewa nyepesi ndio inafanya turbo iwe mfalme huku juu. Injini bila turbo inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu yake Nairobi. Turbo inaweza kurudisha hiyo, lakini inalipia: lazima izunguke haraka zaidi ndio ifikishe hewa ileile. Kwa hivyo shika shafti yake na vidole. Ikicheza kidogo upande kwa upande ni sawa. Ikitoka na kuingia, hiyo imeisha.

Kuna kitu ingine inamalizanga hizi injini na hakuna mtu huiongelea kwa vibanda. Impreza za turbo za Japan zilisetiwa na petroli ya huko ya bei ya juu, yenye okteni ya karibu 100. Super ya hapa iko chini ya hiyo. Ukiongeza busti bila kuseti kompyuta upya, petroli inalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Unaskia kama changarawe kwa mkebe, ama huskii kabisa juu eksozi inapiga kelele. Pistoni inavunjika pale ringi zinakaa, na mchezo umeisha. So kama una pesa ya kitu moja tu kati ya turbo na kuseti kompyuta, lipa huyo wa kompyuta. Mwambie aisetie petroli yenye utakuwa unaweka kila siku, sio ile utanunua mara moja ya kushow wasee.

Giaboksi. Hii ndio uchungu. Gari ya kuvuta magurudumu ya nyuma pekee ikitoka kwa laini, tairi zinateleza na huo mshtuko unaishia hapo. Subaru inashika barabara na magurudumu yote manne, haitelezi, kwa hivyo kitu ndani lazima kiumie. Ni klachi ama ni meno ya gia. Boksi ya gia 5 ya hizi za zamani haina sifa nzuri hapo. Usiweke klachi ngumu kama jiwe kwa boksi ya kitambo. Afadhali klachi yenye inateleza kidogo, iungue yenyewe, kuliko uokote meno ya gia kwa sampu.

Breki sasa. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka kwa hewa. DOT 4 mpya inachemka kwa digrii 230. Ikishalewa maji inashuka mpaka 155 hivi. Ikichemka, pedali inaenda mpaka chini na gari haisimami, na mwisho wa track uko zaidi ya 160 kwa saa. Mwaga yote. Tairi nazo angalia zile namba nne za mwisho kwa ukuta wake: 2316 maanake wiki ya 23, mwaka wa 2016. Hata kama vipara hazina, hiyo imezeeka.

Kwa usalama wako, tumia vipimo vya NHRA wa Marekani, wenye wanasimamia drag tangu 1951. Gari ikimaliza mita 402 kwa sekunde 13.99 au chini, helmeti ni lazima. Kwa gari ya kitambo kama hii, ikifika 11.49 lazima iwe na rolba, na ikishuka chini ya 10 inataka keji kamili. Mikanda ya racing iko na tarehe kwa lebo. Ikipita, toa, juu jua limeshakula huo uzi. Na hii yote ni ya track yenye iko na wakaguzi na ambulensi, event yenye iko chini ya KMSF. Southern Bypass saa nane usiku haina chochote cha hivyo, iko tu na lori yenye haina taa za nyuma.

Siku ya kurudi, usitafute taimu. Saa ya drag inaanza gari ikitoka kwa mwale wa taa, sio taa ikiwa kijani, so ukichelewa kidogo haikuongezei sekunde kwa taimu yako. Ran ya kwanza toka polepole na uachie mafuta katikati. Rudi, fungua boneti, angalia oili, gusa paipu, chungulia chini kama kuna kitu inadondoka. Ran ya pili maliza yote lakini toka tu kama mtu anaenda job. Ya tatu ndio uanze kucheza na vile unatoka, na uangalie taimu ya mita 18 za kwanza kwa ile karatasi watakupatia. Ukikata sehemu ya kumi ya sekunde hapo mwanzo, mara nyingi mwisho unapata karibu mara mbili yake, na hujanunua spea hata moja.