Jinsi kompyuta inavyobaini namba ya NIDA yenye kosa

MTANZANIA wa Kibondo au Kasulu, wilaya za mkoani Kigoma zinazopakana na Burundi, hutakiwa kutaja namba ya kitambulisho cha taifa anaposajili laini ya simu. Tarakimu moja ikikosewa, usajili hukwama.

Namba hiyo ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, kisha siku. Programu ikikuta 00 au 13 katika nafasi ya tano na ya sita, inaweza kuikataa papo hapo, kwani hakuna mwezi huo. Lakini 13 katika nafasi ya saba na ya nane ni halali, kwa kuwa ni siku.

Hata hivyo, ukaguzi huo hauthibitishi mwenye namba. Ndiyo maana usajili ulioanza Mei 1, 2019 unahitaji pia alama za vidole.