Nani Anayelipia Elektroni ya Sodiamu?

Waliosoma kemia ya kidato cha pili wanaukumbuka ule mshale. Mwalimu anachora ubaoni atomu ya sodiamu, elektroni 11 zilizopangwa 2, 8, 1. Kando yake anachora klorini yenye elektroni 17, yaani 2, 8, 7. Mshale unatoka kwenye ile elektroni moja ya pembezoni mwa sodiamu na kuishia kwenye nafasi iliyo wazi ya klorini. Sodiamu inabaki na chaji chanya, klorini inapata chaji hasi, zinavutana, chumvi imepatikana. Kisha tunaambiwa kwamba sodiamu "inataka" kutoa na klorini "inataka" kupokea ili kila moja itimize nane zake.

Mshale uko sawa. Maelezo ndiyo yenye kasoro, na kasoro hiyo inaficha jambo tamu kuliko yote katika somo hili.

Sodiamu haiachii elektroni yake bure. Kiini chake chenye protoni 11 kinaivuta, na kuing'oa kutoka kwenye moli moja ya atomu za sodiamu zilizo katika hali ya gesi kunagharimu kilojuli 496. Ni nafuu ukilinganisha na klorini, ambayo kuinyang'anya elektroni moja kungegharimu kilojuli 1,251. Ndiyo maana metali ndizo zinazotoa na zisizo metali ndizo zinazopokea. Lakini nafuu si bure. Klorini inapoipokea elektroni hiyo inarudisha kilojuli 349 tu. Piga hesabu kama mwenye duka: zimetoka 496, zimeingia 349, pengo ni 147. Mambo yangeishia hapo, chumvi isingekuwepo duniani.

Anayeziba pengo ni fuwele. Atomu zikishapata chaji, yaani zikishakuwa ioni, zinajipanga, kila ya sodiamu ikizungukwa na 6 za klorini, na kila ya klorini ikizungukwa na 6 za sodiamu: juu, chini, mbele, nyuma, kulia na kushoto, hivyo hivyo mpaka ukingoni mwa punje. Kujipanga huko kunatoa kilojuli 787 kwa kila moli. Hata ukishatoa gharama ya kuigeuza sodiamu kuwa gesi na ya kuzitenganisha atomu za klorini, ambazo kwa kawaida huwa mbili mbili, bado inabaki ziada ya kilojuli 411 hivi. Ziada hiyo ndiyo joto na mwanga mkali wa manjano unaouona sodiamu inapowaka ndani ya chupa ya klorini.

Kwa hiyo hakuna sodiamu moja iliyooana na klorini moja. Mwaka 1913 William Lawrence Bragg alitumia miale ya eksirei kuonyesha jinsi ioni zilivyopangwa ndani ya chumvi, na ndani yake hakukuwa na molekuli hata moja. Wapo waliokataa. Mwaka 1927 mkemia Mwingereza Henry Armstrong alikuwa bado analalamika katika jarida la Nature, na simlaumu sana: fomula NaCl inamshawishi yeyote kufikiria jozi. Kumbe inataja uwiano tu.

Mpangilio huo unaonekana kwa macho. Tafuta bonge zuri la chumvi ya mawe, uligonge kwa ncha ya kisu. Halibonyei kama waya wa shaba. Linapasuka, na mara nyingi nyuso zake mpya zinatoka bapa, zenye pembe mraba. Pigo limesogeza tabaka moja kidogo tu, chanya ikajikuta inatazamana na chanya, hasi na hasi. Zilizokuwa zikivutana sasa zinasukumana, na bonge linaachana.

Kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu, kuanzia Gongoni, kaskazini mwa Malindi, hadi Lindi na Mtwara, ioni hizo zinakusanywa upya kwa jua. Maji ya bahari yakikauka, jasi hutangulia kuganda. Chumvi yenyewe hufuata yanapobaki karibu sehemu 1 kati ya 10. Magnesiamu hukawia hadi mwisho katika maji machungu, na mzalishaji makini huyamwaga kabla ya kukusanya chumvi.

Ana sababu. Magnesiamu hutoa elektroni mbili, si moja, na ioni yake ni ndogo kuliko ya sodiamu. Chaji mara mbili kwenye umbo dogo huvuta kwa nguvu kubwa mno: oksidi ya magnesiamu huyeyuka kwenye nyuzi 2,850 hivi za Selsiasi, wakati chumvi ya mezani huyeyuka kwenye 801. Nguvu hiyo hiyo huyanasa maji yaliyomo hewani. Chumvi ya mawe inayochuruzika kwenye kopo wakati wa masika ina mabaki ya kloridi ya magnesiamu, na hayo ndiyo yanayokunywa unyevu wa jikoni.