Pesa za Kila Siku, Kodi ya Kila Mwezi: Kafyu ya Korona na Uchumi wa Kaya Nchini Kenya

Serikali inapowazuia watu kutoka nje ili kukomesha maambukizi, hatua hiyo hupimwa kwanza kwa maisha yaliyookolewa, na ni haki ipimwe hivyo. Lakini kila siku ya kufungiwa huwa na gharama nyingine inayolipwa ndani ya nyumba, na ambayo haiwaangukii watu wote kwa uzito mmoja. Tofauti hiyo haitokani tu na nani ana pesa nyingi na nani ana chache, bali hasa na jinsi pesa zinavyoingia. Anayelipwa mwisho wa mwezi na anayetafuta riziki yake siku kwa siku wanaweza kuwa na kipato cha mwaka kinachokaribiana, ilhali amri ileile ikamwachia mmoja mshahara wake wote na kumnyima mwingine chakula cha jioni. Kenya ya mwaka 2020 ni mfano ulio wazi wa jambo hili, na inafaa kuutazama kwa makini kwa sababu madhara yake yalidumu kuliko amri zenyewe.

Kisa cha kwanza cha UVIKO-19, ugonjwa uliozoeleka kwa jina la korona, kilitangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule ziliagizwa zifungwe. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Na mwezi Aprili ikapigwa marufuku kuingia na kutoka katika jiji la Nairobi na viunga vyake, kisha katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Marufuku hiyo ya usafiri iliondolewa kote kufikia Julai 2020, ikarudishwa kwa wiki kadhaa mwaka 2021 katika Nairobi na kaunti nne za jirani, na kafyu, ambayo saa zake zilibadilishwa mara kwa mara, iliendelea hadi tarehe 20 Oktoba 2021.

Tofauti na Rwanda na Uganda, Kenya haikuwafungia wananchi wote majumbani mchana kutwa, na kwa hiyo ingeweza kudhaniwa kwamba mchana ulitosha kwa kila mtu kutafuta riziki. Dhana hiyo inasahau kwamba biashara nyingi za mitaani hutegemea saa za jioni, pale wafanyakazi wanaposhuka kwenye matatu na kununua mboga, chapati, samaki wa kukaanga na mafuta ya taa wakielekea nyumbani. Kafyu ya saa moja jioni ilikata saa zilezile zenye wateja wengi, kwa hiyo muuzaji aliyepoteza saa tatu tu za kazi aliweza kupoteza sehemu kubwa ya mauzo ya siku nzima.

Ili kuelewa ukubwa wa pigo hilo, ni lazima kuitazama sekta isiyo rasmi, yaani shughuli zinazoendeshwa bila mkataba wa ajira, bila likizo ya malipo na aghalabu bila michango ya pensheni. Ukiwaacha kando wakulima wadogo na wafugaji, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi nchini Kenya wamo katika sekta hiyo: mafundi wa juakali, mama mboga, mama fua, waendesha bodaboda, wachuuzi wa mitumba na makondakta wa matatu. Wengi wao huendesha kazi kwa mtaji wa kuzungushia, yaani fedha ambazo mfanyabiashara hununulia bidhaa alfajiri, akauza mchana, akatoa faida ya kulisha nyumba, kisha akarudi sokoni kesho yake na kiasi kilekile alichoanza nacho. Mauzo yakipungua, faida ndiyo hutoweka kwanza. Yakiendelea kupungua, nyumba huanza kula mtaji, na siku mtaji unapokwisha biashara huwa imekufa hata kama soko liko wazi.

Amri nyingine ziliongeza uzito huo. Uingizaji wa nguo za mitumba ulisimamishwa kuanzia Machi hadi Agosti 2020, kwa hiyo wachuuzi waliotegemea marobota mapya walibaki na masalio. Matatu ziliamriwa kubeba abiria wachache ili watu wasikaribiane, na waendeshaji wakafidia viti vilivyokaa vitupu kwa kupandisha nauli. Mama fua, ambaye huenda nyumba kwa nyumba kufua na kusafisha kwa ujira wa siku, aliambiwa asije, kwa kuwa waajiri wake waliogopa kwamba ataleta ugonjwa, na wengi wao walikuwa wenyewe wameanza kubana matumizi.

Wenye ajira rasmi hawakusalimika wote. Hoteli za pwani zilifungwa baada ya safari za ndege za kimataifa kusimamishwa, mashamba ya maua ya Naivasha yalipoteza wanunuzi wa Ulaya, na wafanyakazi wengi wa sekta hizo walipewa likizo bila malipo, hali inayomwacha mtu na jina la mwajiriwa pasipo mshahara. Walimu wa shule za binafsi, ambao hulipwa kutokana na karo, walikosa ujira mara karo ilipokoma kuingia, na shule hazikuanza kufunguliwa hadi Oktoba 2020, tena kwa madarasa machache tu. Wanafunzi waliosalia walirudi Januari 2021. Kwa jumla, takwimu za taifa zinaonyesha kwamba idadi ya watu wenye kazi, bila kuhesabu kilimo kidogo na ufugaji, ilishuka kutoka milioni 18.1 mwaka 2019 hadi milioni 17.4 mwaka 2020, upungufu wa takribani ajira 738,000. Idadi hiyo inawahesabu waliopoteza kazi kabisa. Aliyebaki na kibanda chake akiuza nusu ya alivyokuwa akiuza hamo ndani yake.

Wakati kipato kilipopungua, matumizi hayakupungua pamoja nacho. Wachumi hutenganisha matumizi yanayoweza kuahirishwa, kama nguo mpya, na yale yasiyoahirishika, kama chakula, maji, dawa na kodi ya nyumba, na katika kaya maskini karibu pesa zote huenda kwenye kundi hili la pili. Watoto waliokuwa wakila chakula cha mchana shuleni sasa walikula nyumbani. Sabuni, barakoa na maji ya kunawa mikono, ambayo katika mitaa isiyo na mabomba hununuliwa kwa mtungi, viliingia kwenye bajeti ya kila siku. Kodi ya nyumba nayo, inayodaiwa kwa mwezi kutoka kwa watu wanaopata kwa siku, ndiyo iliyofichua upungufu mapema zaidi: katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa miezi ya mwanzo ya janga hilo, takribani kaya tatu katika kila kumi hazikuweza kulipa kodi kwa tarehe waliyokubaliana na mwenye nyumba.

Kaya iliyobanwa namna hiyo hufuata ngazi inayojulikana. Huanza kwa akiba iliyopo, kisha hugeukia chama, yaani kikundi ambacho wanachama huchanga kila wiki au mwezi na kupokezana fungu au kukopeshana. Chama ni kinga imara pale mmoja anapougua au kufiwa, kwa sababu wengine wazima humbeba. Lakini janga linalowapiga wanachama wote kwa wakati mmoja huondoa nguvu hiyo, kwa kuwa kila mmoja anahitaji kupokea na hakuna aliyebaki wa kuchanga. Hatua inayofuata ni mikopo ya simu, ambayo hupatikana kwa dakika chache lakini muda wake ni mfupi na gharama yake ni kubwa. Mwisho huja kuuza mali yenyewe inayoleta kipato, iwe cherehani, pikipiki au mbuzi, tena kwa bei ya chini kwa kuwa jirani naye anauza. Kila ngazi huziba pengo la leo kwa kutoboa la kesho.

Serikali haikukaa kimya. Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba wenye kipato kisichozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wangesamehewa ushuru wa mapato wote, kiwango cha juu cha ushuru huo kikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na ushuru wa ongezeko la thamani, ule unaotozwa juu ya bei ya bidhaa na huduma, ukashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Benki Kuu nayo iliruhusu mabenki kupanga upya masharti ya mikopo kwa wateja walioathirika, na kufikia mwisho wa mwaka 2020 mikopo ya zaidi ya shilingi trilioni 1.6, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya mabenki, ilikuwa imepangwa upya.

Hatua hizo zilikuwa za kweli na ziliwafaa wengi, lakini zilipita katika njia ambazo mtu wa kipato cha siku hapiti. Nafuu ya ushuru wa mapato humfikia mwenye hati ya mshahara. Unga wa mahindi na mboga mbichi havikuwa vikitozwa ushuru wa ongezeko la thamani hata kabla ya korona. Na kupangwa upya kwa mkopo wa benki ni faida kwa aliyekubaliwa kukopa benki. Zilitengwa pia shilingi bilioni 10 kwa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza, ambao tayari walikuwa na rejista ya kupokea fedha za serikali. Mama mboga mwenye afya na umri wa kufanya kazi hakuwa maskini wa kutosha kuandikwa humo wala rasmi wa kutosha kuonekana kwenye ushuru.

Kilichomfikia kwa urahisi zaidi ni simu yake. Kuanzia katikati ya Machi 2020 ada ziliondolewa kwa kutumiana shilingi 1,000 au pungufu kupitia M-Pesa, nafuu iliyodumu hadi mwisho wa mwaka, na viwango vidogo kama hivyo ndivyo ndugu hutumiana panapokuwa na shida. Wakenya walio ughaibuni nao, ambao ilidhaniwa wangepunguza misaada kwa kuwa nchi walizoishi zilifungwa vilevile, walituma nyumbani takribani dola bilioni 3.1 mwaka 2020, kutoka bilioni 2.8 mwaka uliotangulia.

Nchi jirani zinathibitisha kwamba hakuna njia iliyokosa gharama. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma na kugawa unga na maharage kwa maskini wa Kampala na Wakiso, jambo lililokiri wazi kwamba anayezuiwa kufanya kazi lazima alishwe. Tanzania haikuwafungia watu wake, lakini wageni waliotembelea nchi hiyo walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takribani 620,000 mwaka 2020, na waongozaji watalii wa Arusha na wafanyakazi wa hoteli za Zanzibar walikosa kipato bila kafyu yoyote.

Kwa hiyo swali la maana si kama afya iwekwe mbele au uchumi, kwa maana gonjwa lililoachwa huru nalo hufilisi. Swali ni nani anayelipia kinga inayowafaa wote. Mwaka 2020 sehemu kubwa ya malipo hayo ilitoka kwenye mtaji wa wachuuzi, na mtaji ulioliwa hauna tarehe ya kurudishwa, tofauti na amri za serikali zilizokuwa na mwisho wake: sehemu kubwa ya nafuu ya ushuru ilifutwa tarehe 1 Januari 2021, wakati wengi walipokuwa hawajarudi hata sokoni. Haki inadai kwamba rejista ya watu wa kipato cha siku iandaliwe kabla ya janga, ili fedha ziwafikie kwa simu katika wiki ya kwanza; kwamba kodi ya nyumba iwe na utaratibu wa kuahirishwa kisheria inapotokea marufuku; na kwamba baada ya kufunguliwa, msaada usiishie kwenye chakula bali ufike kwenye mtaji. Vyama navyo vingefanya vyema kutenga fungu la dharura lisilogawanywa katika mzunguko wa kawaida, likahifadhiwa nje ya mikono ya wanachama wenyewe, katika ushirika wa akiba na mikopo (SACCO) au benki, mahali ambapo halitategemea michango ya watu waliopigwa na pigo lilelile.

Haya yote ni rahisi kuyapanga wakati wa utulivu kuliko wakati amri imekwisha kusomwa. Taifa linaloweza kumwambia mchuuzi abaki nyumbani lina wajibu wa kujua, kabla ya siku hiyo, jinsi atakavyokula akiwa huko na jinsi atakavyorudi kazini.